Wajibu wa Wenye Nyumba za Kupanga katika Ukaguzi wa Stima

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri ya Nyumba na Afya mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri yetu ilipewa kazi ya kuchungua jambo moja na kuleta shauri mbele yenu. Jambo lenyewe ni hali ya stima katika nyumba ambazo wanachama wetu huzipangisha, na kama yafaa chama kiweke kanuni ya kuzikagua nyumba hizo mara kwa mara. Tumelichungua, na leo twaleta majibu. Tutasema kwanza jinsi stima ilivyoingia katika nyumba zetu, kisha sheria inavyotutaka, kisha hatari zilizomo na jinsi ukaguzi unavyofanywa. Mwisho tutaweka mbele yenu mapendekezo 6, mpate kuyakubali, kuyapunguza au kuyakataa.

Wazee wetu wajua ya kuwa nchi yetu na stima si wageni. Mto Tana, unaopokea maji ya mito mingi ya Mlima Kenya, ndio uliojengewa mabwawa makubwa ya kuzalisha umeme katika mpaka wa kusini wa Embu. Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Hata hivyo, kwa miaka mingi nyaya kubwa zilipita juu ya vichwa vya watu wa Mbeere zikielekea Nairobi, na chini yake watoto walisoma kwa taa za mafuta. Mpango wa Serikali wa kupeleka stima mashambani ulianzishwa mwaka 1973, lakini ulikwenda polepole. Ni tangu mwaka 2015, ulipoanza mradi uitwao Last Mile na ada ya kuunganishiwa ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, ndipo stima ilipoingia kwa wingi katika nyumba za watu wa kawaida.

Wakati huohuo nyumba za kupanga zimeongezeka sana kwetu. Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru, vilipata hati zao za kuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu kikapata yake mwaka 2016. Kando ya vyuo hivyo, na katika miji kama Maua, Nkubu na Runyenjes, wanachama wetu wengi wametumia akiba zao za kahawa, za majani ya chai, za miraa na za pensheni kujenga ploti za vyumba 6, 10 au 20. Hatulaumu jambo hilo. Ni kazi halali na ni maendeleo.

Lakini twaomba mtazame ni nani alalaye katika vyumba hivyo. Mtoto wa mtu wa Maua analala Embu katika nyumba ya mtu wa Runyenjes. Na mtoto wa mtu wa Runyenjes analala Nchiru katika nyumba ya mtu wa Tigania. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya mpangaji, twazungumza juu ya watoto wetu wenyewe, ambao kila mmoja wetu amemkabidhi mwenzake bila kumjua. Mzazi hawezi kufika na kufungua ukuta atazame waya. Mpangaji naye haruhusiwi kuufungua. Ni mwenye nyumba peke yake awezaye, na kwa hiyo ni juu yake.

Sasa tuitazame sheria. Kazi ya stima katika nchi yetu huongozwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, ambayo watu wengi huiita EPRA. Sheria hiyo haimruhusu mtu yeyote tu kufunga nyaya za stima katika nyumba. Fundi hana budi kuwa na cheti cha Mamlaka, nacho huonyesha daraja lake, yaani ukubwa wa kazi anayoruhusiwa kuifanya. Mkandarasi naye hana budi kuwa na leseni. Nyumba ikiisha kufungwa nyaya, fundi mwenye ruhusa hutia sahihi hati ya kukamilika kwa kazi, na kampuni ya Kenya Power huitaka hati hiyo kabla ya kuleta stima. Tena yafaa kila mwenye nyumba aujue mpaka: hadi kwenye mita, nyaya ni mali ya kampuni, kutoka kwenye mita kuingia ndani, nyaya ni mali yake mwenye nyumba, na madhara yake ni juu yake.

Kuna sheria nyingine ambayo wengi wetu hatuikumbuki tunapoandikiana mapatano ya kodi, nayo ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kifungu chake cha 65 chasema kwamba mtu akipangisha nyumba au chumba cha kukaa, huhesabiwa kuwa ameahidi mambo mawili, hata kama hayakuandikwa: kwamba nyumba hiyo yafaa kukaliwa na watu siku mpangaji anapoingia, na kwamba itaendelea kuwekwa katika hali ya kufaa muda wote wa upangaji. Twaomba mlishike neno hilo, "muda wote". Haikusemwa siku ya kwanza tu. Na chumba ambacho ukuta wake humrusha mtu kwa stima hakifai kukaliwa, hata rangi yake ikiwa nzuri namna gani.

Hapo ndipo ilipo shida ambayo twataka kuionyesha. Wanachama wengi wanapoulizwa juu ya usalama wa nyumba zao husema, "Mimi nina hati, fundi alitia sahihi na kampuni ikaleta stima." Maneno hayo ni ya kweli, wala hatuyabishi. Lakini hati ile hutoa ushuhuda wa siku moja tu, siku iliyotiwa sahihi. Haijui lililotukia mwaka wa pili wala wa kumi. Wafugaji mnaelewa jambo hili kuliko sisi. Hakuna mzee hapa ambaye humwogesha ng'ombe katika josho siku alipomnunua, kisha akasema kwamba kazi ya kupe imekwisha. Kupe hurudi, na ng'ombe hurudishwa joshoni. Nyaya nazo huzeeka, na hatari hurudi kimyakimya.

Tuwaeleze jinsi zinavyozeeka. Kwanza ni mzigo. Chukueni ploti ya vyumba 10 iliyofungwa nyaya zamani. Wakati ule kila chumba kilikuwa na balbu moja ya wati 60 na redio ndogo. Vyumba vyote 10 vikiwaka pamoja, mzigo haukufika wati 1,000, na kwa kuwa stima yetu ni ya volti 240, huo ni mkondo wa ampea 4 tu au pungufu. Leo kila chumba kina birika la stima, pasi, na huenda kina jiko la koili. Birika moja huweza kuchukua wati 2,000. Ikiwa jioni vyumba 6 tu kati ya 10 vitachemsha maji ya chai kwa wakati mmoja, hizo ni wati 12,000, ambazo ni ampea 50. Nyaya ni zilezile, lakini mzigo umezidi zaidi ya mara 12. Tena mafundi watueleza kwamba mkondo ukizidi mara 2, joto ndani ya waya huzidi mara 4. Joto hilo hulegeza na kukausha ngozi ya plastiki inayoufunika waya, mpaka siku moja ngozi hupasuka na waya hubaki uchi ndani ya ukuta au juu ya dari ya mbao. Na ninyi mwajua ni nyumba ngapi katika miji yetu zilizojengwa kwa mbao tupu, zimepangana ukuta kwa ukuta.

Pili ni dawa mbaya ya ugonjwa huo. Mzigo unapozidi, breka hukata stima. Hiyo ndiyo kazi yake. Waya wa milimita 2.5 unaopeleka stima kwenye soketi kwa kawaida hulindwa na breka ya ampea 20. Lakini wapangaji hulalamika kwamba stima yakatika kila jioni, na mwenye nyumba huita fundi wa karibu, naye huondoa breka ya 20 na kutia ya 40. Malalamiko huisha siku hiyohiyo. Kufanya hivyo ni sawa na kumfunga mbwa mdomo kwa kuwa anabweka usiku. Mwizi hakuondoka, ni mlinzi aliyenyamazishwa.

Tatu ni shawa ya maji moto. Kifaa hiki kimeenea sana, maana asubuhi za Meru na Embu ni za baridi, na wapangaji hukipenda. Shawa ya wati 5,500 huchukua karibu ampea 23. Haifai kamwe kuungwa kwenye soketi ya kawaida, ambayo plagi yake ina fyuzi ya ampea 13, wala kwenye waya wa taa. Yataka waya wake yenyewe, mnene, utokao moja kwa moja katika boksi kuu, na swichi yake iliyowekwa mahali ambapo mtu mwenye mikono ya maji hawezi kuigusa. Zaidi ya yote yataka waya wa ardhini. Mtu akiwa chini ya shawa amelowa mwili mzima na miguu yake iko juu ya saruji yenye maji. Hana kinga yoyote. Ikiwa waya wa ardhini haupo na kifaa kikaharibika, stima itatafuta njia ya kwenda ardhini, na njia hiyo itakuwa mwili wake. Mpangaji akisema kwamba maji yamtekenya, au kwamba bomba lamrusha kidogo, asichekwe. Hiyo ni barua ya kwanza, na huenda isifuatwe na ya pili.

Nne ni waya huo wa ardhini wenyewe. Wengi wetu tumeuona ule mti wa shaba uliopigiliwa chini kando ya nyumba, na twadhani kwamba kwa kuwa upo, basi wafanya kazi. Sivyo. Nguvu yake hutegemea udongo. Katika udongo mwekundu wenye unyevu wa miteremko ya mlima, kama Imenti au Manyatta, stima huingia ardhini kwa urahisi zaidi. Katika mchanga mkavu na mawe ya Mbeere au Tharaka, hasa wakati wa kiangazi, mti uleule huenda usifae kitu mpaka uongezwe urefu au upigiliwe mingine pamoja nao. Zaidi ya hayo, shaba ni mali, na wezi huikata na kuiuza. Bila kupima, mwenye nyumba hawezi kujua.

Tano ni rangi za nyaya. Katika nyumba za zamani waya wenye moto ulikuwa mwekundu, wa kurudisha ulikuwa mweusi, na wa ardhini ulikuwa kijani. Katika kanuni mpya, waya wenye moto ni wa kahawia, wa kurudisha ni wa buluu, na wa ardhini ni wa kijani na manjano. Hatari ni kwamba kwenye nyumba zenye stima ya njia 3, rangi nyeusi ambayo zamani ilikuwa ya kurudisha, leo ni mojawapo ya zile zenye moto. Na buluu ambayo zamani ilikuwa na moto, leo ni ya kurudisha. Mwenye nyumba akiongeza vyumba vipya nyuma ya vile vya zamani, rangi za namna mbili hukutana katika boksi moja. Fundi asiye na elimu akizichanganya, atakayelipa ni mtu mwingine.

Sita ni jambo ambalo si la fundi bali ni letu wenyewe. Katika ploti nyingi mita na swichi kuu zimefungiwa katika kizimba cha chuma, na ufunguo uko kwa mwenye nyumba, ambaye huenda akaishi mbali sana. Twaelewa sababu: ni kuzuia ugomvi wa tokeni na watu kujiunganishia stima. Lakini mtu akishikwa na stima usiku, au soketi ikianza kuwaka, jambo la kwanza ni kuzima swichi kuu. Mwokozi haruhusiwi kumgusa aliyeshikwa kabla stima haijazimwa, maana atashikwa naye. Wala moto wa stima hauzimwi kwa maji. Basi watu watafanya nini mbele ya kizimba kilichofungwa? Kuna njia ya kufungia mita na kuacha swichi ya kuzimia nje, na njia hiyo haina gharama kubwa.

Hayo ndiyo yanayoweza kutokea baada ya hati kutiwa sahihi. Sasa tutazame wengine walivyofanya. Huko Scotland, tangu Desemba 2015, mwenye nyumba ya kupanga hana budi kuikagua stima yake angalau mara moja kila miaka 5. Uingereza nayo ilipitisha kanuni kama hiyo mwaka 2020. Ilianza kwa wapangaji wapya tarehe 1 Julai 2020, na kwa wote tarehe 1 Aprili 2021. Fundi mwenye ujuzi hukagua na kupima kila baada ya miaka 5 au chini ya hapo, huandika taarifa, na mwenye nyumba humpa mpangaji nakala yake katika muda wa siku 28. Likipatikana kosa la hatari, hurekebishwa katika siku 28, au mapema zaidi taarifa ikiagiza hivyo. Asiyetii hutozwa faini kubwa. Hatusemi kwamba kila lifanywalo Uingereza lafaa kwetu. Lakini kanuni za ufundi wa nyaya zinazofuatwa na mafundi wetu zilitoka huko, na plagi zetu za pini 3 ni zilezile. Ikiwa wao wameona kwamba nyaya zao zahitaji kutazamwa kila miaka 5, sisi wenye panya, mvua kubwa na mafundi wa njiani hatuwezi kudai kwamba zetu zadumu milele.

Huenda wengine wakauliza, ukaguzi huo ni nini hasa? Si kupita mlangoni na kuwasha taa. Una sehemu 3. Ya kwanza ni kutazama: vifuniko vilivyovunjika, soketi zilizoungua na kuwa nyeusi, viungo vilivyofungwa kwa utepe tu, breka zisizolingana na nyaya. Ya pili ni kupima stima ikiwa imezimwa: fundi huhakikisha kwamba waya wa ardhini wafika kila soketi bila kukatika, kwamba swichi zimekaa kwenye waya wenye moto wala si ule wa kurudisha, na kwa kipimo cha volti 500 huangalia kama ngozi ya nyaya bado yazuia stima isivuje. Ya tatu ni kupima stima ikiwa imewashwa, na hapo hujaribu kile kifaa kinachokata stima mara inapovuja. Kifaa hicho ni cha thamani sana. Kile cha kulinda watu hukata mkondo unaovuja ukifika sehemu 30 za elfu moja ya ampea, kwa muda usiozidi theluthi moja ya sekunde, yaani kabla moyo wa mtu haujavurugika. Ploti isiyokuwa nacho haina ulinzi wa mwisho.

Kisha fundi huandika makosa kwa daraja 3: hatari iliyopo sasa hivi, ambayo hairuhusu kungoja hata siku moja, jambo linaloweza kuwa hatari, na jambo ambalo si hatari lakini yafaa lirekebishwe. Kwa njia hiyo mwenye nyumba hajui tu kwamba "stima ni mbaya", bali ajua aanze wapi na fedha zake.

Katika mashauriano yetu tulikutana na hoja 3 za kupinga, na ni haki zijibiwe mbele ya wote.

Ya kwanza ni gharama. Tuseme mtu ana vyumba 10 na kila kimoja hulipa shilingi 4,000 kwa mwezi. Kwa mwezi apata 40,000, na kwa miaka 5 apata 2,400,000. Hata tukisema ukaguzi utamla nusu ya kodi ya mwezi mmoja, yaani shilingi 20,000, hiyo ni chini ya shilingi 1 katika kila 100 alizopokea. Yule ambaye nyumba yake imeungua hapati hata moja, na deni la benki humngoja palepale.

Hoja ya pili ni kwamba wapangaji ndio wanaoharibu. Ni kweli, wako wanaoingiza koili kinyume cha mapatano na kuning'iniza nyaya za ekstensheni kutoka dirisha hadi dirisha. Lakini ukaguzi humsaidia mwenye nyumba hapo pia. Mwenye taarifa ya fundi iliyoandikwa kabla mpangaji hajaingia aweza kuonyesha hali ilivyokuwa. Asiye na taarifa ana maneno matupu tu, na wazee wajua jinsi kesi ya maneno matupu inavyochosha baraza.

Hoja ya tatu ni kwamba tusijifungie mzigo wenyewe. Tungoje Serikali ituamuru kukagua kila miaka 5. Hapa twasema kwa heshima kwamba haikuwa desturi ya watu wetu kungoja kuamriwa. Njuri Ncheke ya Wameru haikuazima hukumu zake kutoka ofisi yoyote. Wazee walilitazama jambo, wakaona lenye madhara kwa watu, wakaliwekea katazo. Chama hiki nacho kiliundwa kwa ajili ya ustawi wa watu. Kama ustawi hauhusu usalama wa mtoto aliyelala katika chumba tulichokipokelea kodi, basi hatujui wahusu nini.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, halmashauri yaweka mbele ya mkutano mapendekezo haya:

1. Kila mwanachama anayepangisha nyumba yenye stima aifanyie ukaguzi kamili angalau mara moja kila miaka 5, na tena kila mara anapoongeza vyumba au kufunga shawa za maji moto.

2. Ukaguzi ufanywe na fundi mwenye cheti cha Mamlaka kisichopitwa na wakati na cha daraja linalofaa, wala asiwe yule aliyezifunga nyaya hizo, maana mtu hawezi kuwa hakimu wa kazi yake mwenyewe. Mwenye nyumba aombe kuona cheti, aandike nambari yake, na aihakikishe kwa Mamlaka.

3. Taarifa iandikwe na kutiwa sahihi. Nakala moja ikae kwa mwenye nyumba, na nyingine apewe mpangaji au ibandikwe mahali ambapo wapangaji wote waweza kuisoma.

4. Kosa la hatari iliyopo lizimwe siku hiyohiyo; makosa yanayoweza kuwa hatari yarekebishwe katika siku 28.

5. Kila ploti iwe na kifaa cha kukata stima inayovuja, na swichi kuu iwe mahali ambapo wapangaji waweza kuifikia usiku na mchana. Wapangaji waonyeshwe kitufe cha kukijaribia kifaa hicho, nacho kibonyezwe kila miezi 6.

6. Katibu afungue daftari la nyumba za wanachama zilizokaguliwa, pamoja na tarehe zake, ili wazazi wanaotafutia watoto wao vyumba karibu na vyuo wapate kuuliza.

Twajua kwamba pendekezo la 6 ndilo litakalozungumzwa zaidi, kwa kuwa laweza kumwaibisha ambaye nyumba yake haimo. Halmashauri iliamua kuliacha kama lilivyo. Wapangaji hawana chama kama hiki, wala hawana kitabu cha kusomea hotuba zao. Daftari hilo litakuwa badala ya sauti yao, na kwa mwenye nyumba mwaminifu litakuwa sifa, maana mzazi mwenye akili atampeleka mwanawe kwake kwanza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili la stima ufa hauonekani kwa macho, na atakayeumia si mwenye ukuta bali ni mgeni wake. Ndiyo sababu twaomba wenye nyumba waanze na zile za mbao na zile zenye shawa, kabla ya mvua za masika, na walete tarehe zao kwa Katibu.

Kwa niaba ya halmashauri twayaacha mapendekezo haya mikononi mwenu, wazee na wanachama, mpate kuyaamua.